Kome wa Pwani Gani? Mbinu za Kukwepa Metali Nzito

Mpishi wa pwani ana dawa tatu za kome: maji ya chumvi ya kuwalaza usiku kucha wateme mchanga, moto mkali mpaka wafunuke wenyewe, na ndimu ya kukata shombo. Zote zinafaa. Mchanga unatoka, vijidudu vingi vya tumbo vinakufa, shombo inakatika. Ila risasi na kadimi hazijali hata moja kati ya hizo tatu. Metali haifi kwa moto kwa sababu haikuwa hai. Ukichemsha kome wananywea, maji yao yanatoka, na sehemu kubwa ya metali inabaki ndani ya nyama ileile iliyopungua. Gramu moja ya nyama iliyoiva huweza kuwa na metali nyingi kuliko gramu moja ya nyama mbichi. Kinachotoka kinaingia kwenye mchuzi, na mchuzi nao hatumwagi.

Kwa hiyo kazi ya kujikinga inafanyika pwani, kabla kikapu hakijajaa. Makala haya ni ya wale wanaookota kome, chaza na kombe maji yakipwa, wanaowafuga kwenye kamba, na wanaowanunua sokoni bila kuuliza wametoka wapi.

Tuanze na kome mwenyewe, maana ukimwelewa utaelewa na ushauri. Kome hatafuti chakula. Anajishika kwenye jiwe kwa nyuzi zake na kuacha bahari impitie. Mkubwa huvuta lita kadhaa za maji kwa saa anapokuwa amefunikwa na bahari, na matamvua yake hunasa vijimea na chembe za tope. Metali humwingia kwa njia mbili: iliyoyeyuka hupenya kwenye matamvua, na iliyoshikamana na tope humezwa pamoja na chakula. Shaba na zinki mwili wake unazihitaji kidogo, kwa hiyo anajua kuzipunguza zikizidi, japo si sana. Kadimi na risasi hana kazi nazo, wala hana njia ya haraka ya kuzitoa. Kadimi anaifunga ndani ya protini maalumu na kuiweka akiba kwenye figo na kwenye tezi ya kumeng'enyea chakula, ile sehemu laini yenye rangi ya kijani au kahawia unayoiona tumboni ukimfunua. Risasi nyingine inakwenda kwenye gamba, ikikaa mahali pa kalsiamu. Hivyo ndivyo nyama ya kome inavyofikia kubeba metali mara maelfu kuliko maji anamoishi. Ni chujio la chai ambalo halijawahi kuoshwa.

Tabia hiyo ndiyo iliyomfanya mwanakemia wa bahari wa Marekani, Edward Goldberg, apendekeze mwaka 1975 kwamba kome watumike kuchunguza bahari za dunia. Maji unayochota asubuhi yanakueleza habari za asubuhi hiyo. Kome anakueleza habari za miezi iliyopita. Tangu 1986 serikali ya Marekani imekuwa ikipima kome na chaza wa pwani zake kwa mpango wa kudumu. Na ndiyo maana pia kuwalaza kome usiku mmoja kwenye ndoo hakusaidii kwa upande wa metali: usiku mmoja unasafisha utumbo tu. Kadimi iliyokwisha kufungwa ndani ya tezi huchukua miezi kupungua kwa nusu, hata kome akihamishiwa maji safi.

Wafugaji wana sababu nyingine ya kulijali jambo hili, hata kama hawali kome wao wenyewe. Kome aliyejaa metali mara nyingi hafi papo hapo. Anadhoofika. Anapunguza kuchuja maji kwa sababu anakaa amejifunga muda mrefu, anakua polepole, na nyuzi zake zinalegea kiasi kwamba wimbi la kawaida linambandua. Watoto ndio wanaoumia zaidi. Mayai na viluwiluwi vya kome huharibika kwa mikrogramu chache tu za shaba katika lita moja ya maji, kiasi ambacho kome mkubwa anakistahimili. Unaweza ukawa na kome wakubwa wanaopendeza kwenye miamba na usipate makinda misimu miwili mfululizo, ukalaumu joto au mwezi.

Tazama nchi kavu kabla ya kutazama jiwe

Ushauri wangu wa kwanza hauhitaji kifaa chochote: geuka, uipe bahari mgongo, uliza maji yanayofika hapa yametoka wapi. Metali nyingi zinazoingia kwa kome wa pwani zetu zimeanzia nchi kavu.

Mto unaopita viwandani na mitaa yenye gereji ni wa kwanza kuogopwa. Msimbazi unavuka Dar es Salaam ukipita Vingunguti na maeneo ya viwanda kabla ya kumwaga baharini karibu na daraja la Salender. Kizinga na Mzinga zinaishia Mtoni, nyuma ya bandari. Mombasa, taka za mji zilirundikwa kwa miaka mingi Kibarani, ukingoni kabisa mwa hori la Makupa, na tope la hori halisahau upesi. Mahali pa namna hii sikushauri uokote cha kula, hata kama maji yanaonekana maangavu siku hiyo. Mlango wa mto una hatari nyingine ambayo watu hawaijui: chumvi ikipungua kwenye maji, kadimi inaachiliwa kutoka mahali ilipofungika na kumwingia kome kwa urahisi zaidi. Kome wa mdomoni mwa mto huweza kuwa na kadimi nyingi kuliko mwenzake wa mwambani, ingawa wote wanapata tope lilelile.

Cha pili ni mahali pa kukarabati vyombo. Boti zinapokwanguliwa rangi ya chini, ile inayozuia vidudu visishike, unga wake unaanguka ufukweni, na rangi nyingi za aina hiyo leo zina shaba, kwa makusudi kabisa, ili viumbe kama kome wasiote juu ya chombo. Huwezi kutegemea wakue vizuri mita chache kutoka hapo. Ufaransa walijifunza kwa hasara. Mwishoni mwa miaka ya 1970 chaza wa ghuba ya Arcachon walianza kuota magamba manene yaliyoharibika, na viluwiluwi vyao vikawa haviishi. Chanzo kilikuwa rangi za boti zenye mchanganyiko wa bati. Mwaka 1982 serikali ilizipiga marufuku kwenye boti zenye urefu chini ya mita 25, na ufugaji ukainuka tena. Mkataba wa kimataifa wa kuzuia rangi hizo ulianza kutumika mwaka 2008. Ukiwa na shamba la chaza au kome, basi, ongea na mafundi wa boti: wakwangue juu ya turubai, mabaki yakusanywe, yasisukumwe kwa ufagio mpaka maji yajae yayachukue.

Cha tatu ni betri. Betri chakavu za magari huvunjwa vichochoroni kwa ajili ya risasi yake, na wapo wavuvi wanaoiyeyusha kwenye sufuria kuukuu kutengeneza chubwi za nyavu. Moshi wa kazi hiyo humdhuru kwanza anayeifanya na watoto wanaocheza karibu, kisha majivu na asidi hufuata mvua kwenda pwani. Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa ulioathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, umekuwa mahakamani kwa miaka, na Julai 2020 mahakama ya mazingira iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kwa chubwi, tumieni mawe au saruji. Kwa kuzamisha kamba za kufugia, hali kadhalika: chupa iliyojazwa mchanga inatosha, na gamba la betri lisikaribie shamba.

Yapo na mengine ya haraka. Usiokote kwenye nguzo za gati wala ubavuni mwa meli iliyozama. Bandari ikichimbwa kuongezwa kina, tope la zamani linatibuka na metali zilizolala zinaamka, kwa hiyo maeneo ya jirani yaachwe kwa miezi kadhaa. Kombe wanaojichimbia kwenye tope wanalala juu ya mzigo wenyewe, tofauti na kome walio juu ya mwamba unaopigwa na wimbi, na kwenye hori lenye shaka ningeanza kuwaacha wao.

Rangi isikudanganye kwa upande wowote. Ni kweli kwamba mwaka 1986, kusini-magharibi mwa Taiwan, chaza wa karibu na mlango wa mto Erren waligeuka kijani kwa shaba iliyotoka kwenye kazi za kuyeyusha vyuma chakavu. Lakini kuna vijimea vya kawaida vinavyowapaka chaza kijani bila madhara, na kadimi nayo haina rangi, haina harufu, haina ladha. Anayekwambia anaitambua kwa ulimi anakupotezea muda.

Jaribio la kivulini

Kuna kipimo ambacho watafiti wa bahari wanakitumia na ambacho kikundi cha akina mama kinaweza kukifanya barazani. Kinaitegemea tabia moja ya kome: maji yakipwa anajifunga na kuishi bila maji kwa muda. Kome mwenye afya anadumu. Aliyechoshwa na sumu anakufa mapema.

Okoteni kome kutoka mahali mnapopatilia shaka na kutoka mahali mnapopaamini, siku moja, bamvua moja. Wawe aina moja, urefu unaolingana, na wawe wametoka kimo kimoja cha mwamba, kwa maana kome wa juu wamezoea kukaa nje ya maji na wa chini hawajazoea, na tofauti hiyo pekee inaweza kuwapa jibu la uongo. Arobaini kila upande wanatosha. Wakateni nyuzi kwa mkasi, msizivute, kwani mkizivuta mnajeruhi nyama ndani. Wapangeni kwenye trei mbili za plastiki, bila maji, kivulini, mahali pasipopigwa na upepo wala jua, trei zote mbili pamoja.

Sasa mnahesabu, asubuhi na jioni. Kome aliyefunuka si lazima awe amekufa. Wakati mwingine anapumua tu. Mguseni ukingo wa ndani kwa njiti. Aliye hai anajivuta na kufunga gamba, pengine polepole sana, kama mtu aliyeamshwa kabla ya adhana. Aliyekufa haitikii, na saa chache baadaye pua itathibitisha. Mtoeni, mwandike. Mnaendelea mpaka nusu ya trei iwe imekufa, na mnalinganisha: trei ipi imefika nusu kwanza, na kwa tofauti ya saa ngapi. Rudieni bamvua inayofuata. Wote waliotumika wanatupwa, hakuna wa kuliwa.

Jaribio hili linakwambia kwamba kome wa mahali fulani wamechoka. Halikwambii wamechoshwa na nini. Maji taka, joto, mvua kubwa iliyopunguza chumvi, hata kuzaa, vyote vinachosha, ndiyo maana nisingelifanya katikati ya masika. Faida yake ni kuwapa sababu ya kutumia fedha za maabara mahali pamoja badala ya kuzitawanya mahali sita.

Mkienda maabara

Maabara ya kupima metali zipo. Tanzania, ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali na Shirika la Viwango ni mahali pa kuanzia, na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyopo Zanzibar, ina watafiti wa eneo hili hili. Kenya kuna taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, hapo Mombasa. Ombeni kadimi na risasi kwanza. Zebaki iongezeni kama juu ya mto kuna wachimbaji wadogo wa dhahabu. Kwa kawaida zebaki hujazana kwa samaki wakubwa wanaokula wenzao, papa na nduaro, kuliko kwa kome. Minamata, Japani, ilikuwa vingine kwa sababu kiwanda kilimwaga zebaki moja kwa moja kwenye ghuba mpaka mwaka 1968, na watu waliokula samaki na makombe ya ghuba hiyo waliugua mishipa ya fahamu.

Sampuli mbaya ni hasara tupu. Ndoo ya bati itaongeza zinki ambayo haikuwemo. Kisu chenye kutu kitaongeza chake. Tumieni ndoo ya plastiki iliyooshwa na kusuuzwa kwa maji ya bahari ya palepale, na mifuko mipya ya plastiki. Chukueni kome ishirini na tano hivi wa ukubwa mmoja, wapimwe pamoja kama fungu moja, kwa kuwa kome mmoja mmoja hutofautiana mno. Hapa ndipo kuwalaza usiku kunapofaa: wawekeni siku moja kwenye maji ya bahari ya hapohapo, safi yasiyo na tope, wateme mchanga, ili maabara ipime nyama na si tope lililo tumboni. Kisha barafu. Andikeni kwa penseli kwenye karatasi ngumu: mahali, tarehe, urefu wa magamba, hali ya maji. Wino wa kalamu unayeyuka, na sampuli isiyo na jina haina maana.

Majibu yakija, swali la kwanza kabla ya kushtuka au kufurahi: ni uzito mbichi au uzito mkavu? Nyama ya kome ni maji kwa takribani asilimia 80, hivyo namba ya uzito mkavu huwa kama mara tano ya namba ya uzito mbichi. Viwango vya chakula vimeandikwa kwa uzito mbichi. Karatasi ikisema kadimi miligramu 4 kwa kilo ya uzito mkavu, hiyo ni kama 0.8 mbichi. Umoja wa Ulaya unaruhusu kadimi miligramu 1 na risasi 1.5 kwa kilo ya nyama mbichi ya jamii ya kome na chaza. Kiwango cha kimataifa cha Codex kwa kadimi ni miligramu 2, ila hicho hakiwahusu chaza. Nimeona watu wakifunga biashara, na wengine wakiifungua, kwa kusoma safu isiyo yake.

Kiasi cha kula

Wataalamu wa FAO na WHO walipendekeza mwaka 2010 kwamba mtu asizidishe mikrogramu 25 za kadimi kwa mwezi kwa kila kilo ya uzito wa mwili wake. Hesabu yake ni nyepesi. Mwanamke wa kilo 60 ana nafasi ya mikrogramu 1,500 kwa mwezi. Kome wenye miligramu 1 kwa kilo wana mikrogramu 1 katika kila gramu, kwa hiyo kilo moja na nusu ya nyama bila gamba inaijaza nafasi yote. Wakiwa na miligramu 2, ni gramu 750. Mtoto wa kilo 15, kwa kome wa miligramu 1, anaishia gramu 375. Na kome si chanzo pekee: wali, mboga za majani, maini na figo vina kadimi yake, na sigara ina nyingi. Mimi ningetumia nusu ya hesabu hiyo kwa kome na kuiachia nusu mezani.

Kwa risasi hakuna hesabu ya namna hii. Mwaka huohuo wataalamu wale waliondoa kiwango cha zamani kwa sababu hawakupata kiasi ambacho wangeweza kusema hakimdhuru mtoto. Wajawazito na watoto wadogo wasile kabisa kome wa mahali penye shaka ya betri au viwanda. Mwenye upungufu wa damu naye awe mwangalifu, kwani mwili usio na madini ya chuma ya kutosha hufyonza kadimi na risasi zaidi.

Nisieleweke vibaya. Kome wa mwamba safi ni chakula bora, wana protini, chuma na zinki, na kwa nyumba nyingi za pwani ni kitoweo kisichohitaji mtumbwi wala mtaji. Familia iliyohama hori chafu ikaenda nusu saa zaidi kwa miguu mpaka mwamba wa bahari kuu imepunguza kadimi bila kupunguza kitoweo. Kama hakuna pa kuhamia, kwa chaza na kombe wakubwa unaweza kutoa lile tumbo la kijani na kula msuli na ukingo. Utapoteza ladha, lakini sehemu nzuri ya kadimi inakwenda nalo. Mchuzi wa kuchemshia uumwage. Kwa kome wadogo kazi hiyo haiwezekani, waache tu.

Limebaki suala la magamba. Mengi yanasagwa kuwa chakula cha kuku wa mayai, na mengine yanachomwa chokaa. Kwa kuwa risasi hujificha kwenye gamba, mnunuzi wa magamba naye aulize yametoka pwani gani, na ya bandarini au ya hori la viwandani yasiingie kwenye kinu cha chakula cha kuku. Yakafukie barabara.